Spika tano chini ya boriti: shajara ya kukusanya diski za sauti ya kuzunguka, Mji Mkongwe

6 Januari 2024: Ninachokitafuta

Kila jioni nikitoka kazini napita Shangani, mbele ya makumbusho ya Freddie Mercury yaliyofunguliwa 2019. Mtoto wa Unguja huyo. Alizaliwa hapa 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na familia yake ikahamia Uingereza baada ya Mapinduzi ya 1964. Wageni husimama mlangoni kupiga picha. Mimi shauku yangu ni nyingine: nataka kuisikia albamu ya Queen ya 1975, A Night at the Opera, kwa spika tano, ndani ya nyumba ya mawe katika mji aliozaliwa. Diski yenyewe ipo. Ni DVD-Audio ya 2002, na aliyeichanganya upya ni fundi wa sauti wa Kimarekani, Elliot Scheiner. Ila haichapishwi tena, na wenye nayo hawaiachii kirahisi.

Nimemtafuta hapa mjini mtu aliyekwisha kuijaribu kazi hii nimwulize, sikumpata. Kwa hiyo naandika kila hatua na kila shilingi, ili atakayetaka kufuata asianzie pale nilipoanzia mimi.

Diski za namna hii ni za aina chache. SACD ni kazi ya Sony na Philips, ilianza kuuzwa 1999. Sauti yake hupimwa kwa biti 1, mara 2,822,400 kwa sekunde. Ina chaneli 2, na mtengenezaji akitaka huongeza seti nyingine ya chaneli hadi 6: tano za spika na moja ya besi. Nyingi zina tabaka la pili ambalo ni CD ya kawaida, hivyo redio yoyote huicheza bila kujua kwamba ndani kuna hazina nyingine. DVD-Audio ilifuata 2000, hadi biti 24, mara 96,000 kwa sekunde (96 kHz) kwa kila chaneli zikiwa sita, ikifungashwa kwa njia ya MLP isiyopoteza chochote. Zipo DTS-CD za miaka ya 1990, zipo Blu-ray za muziki mtupu. Na kabla ya zote hizo ilikuwapo kwadrafoniki ya miaka ya 1970, yaani chaneli nne kwenye santuri na tepu. Kazi nyingi za wakati ule ndizo zinazofufuliwa leo kwenye SACD.

Neno nitakalolirudia sana humu ni mchanganyo: uamuzi wa fundi kwamba gitaa likae spika hii, waitikiaji wakae ile, ngoma isogee huku. Albamu moja inaweza kuwa na michanganyo miwili ya watu wawili tofauti. The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd ina wa chaneli nne wa Alan Parsons, wa miaka ya 1970, na wa chaneli 5.1, yaani tano na moja ya besi, wa James Guthrie uliotoka kwenye SACD ya 2003. Mimi nakusanya michanganyo. Plastiki ni chombo cha kuibebea tu.

Bajeti ya diski: wastani wa 150,000/= kwa mwezi.

27 Januari 2024: Mashine ya kwanza imeungua

Nilinunua mashine ya SACD iliyotumika kutoka Japani. Bei yake ilikuwa nusu ya zile za Ulaya, nami nikaona nimewahi. Ilifika salama, imefungwa vizuri, rimoti ndani. Nikaichomeka ukutani. Taa ya mbele iliwaka, ikalia "tap", kisha harufu.

Nikaipeleka Darajani kwa fundi mmoja mzee anayetengeneza redio tangu mimi sijazaliwa. Aliigeuza tu, akasoma kibati cha nyuma, akanitazama.

"Mwanangu, hii ni ya volti mia. Umeme wetu ni mia mbili thelathini."

Alibadilisha fyuzi, ikaruka tena. Alipoifungua zaidi akakuta transfoma imeungua na baadhi ya vifaa vya bodi ya umeme vimevimba. Kuitafutia transfoma yake Japani kungekula karibu bei ya mashine nzima. Tumeiacha kwake, huenda injini ya kusomea diski ikamfaa mtu mwingine.

Funzo ni moja na halina mjadala: kabla ya kulipa, mwombe muuzaji picha ya mgongo wa mashine. Ukikuta "100V" peke yake, unahitaji transfoma ya kushusha umeme, au achana nayo. Ukikuta "100-240V", endelea.

Hasara: 260,000/= pamoja na usafiri. Nimenunua pia stabilaiza, 120,000/=, jambo nililopaswa kuanza nalo, kwa namna umeme unavyopanda na kushuka hapa kwetu.

2 Machi 2024: Ya pili inafanya kazi, lakini kimya

Safari hii nimepata Oppo BDP-103 iliyotumika, 1,150,000/=. Dada yangu anayeishi London aliinunua na akaja nayo mkononi. Bei inauma, lakini mashine hii inasoma SACD, DVD-Audio, Blu-ray, na karibu kila kitu cha duara, na inakubali umeme wa nchi yoyote. Kampuni ilitangaza Aprili 2018 kwamba inaacha kutengeneza, kwa hiyo zilizobaki ni za mkono wa pili tu. Aliye na bajeti ndogo aangalie Sony UBP-X800, nayo inacheza SACD na DVD-Audio.

Risiva, yaani amplifaya inayopokea sauti na kuigawa kwa spika zote, nimeitoa Kariakoo, 450,000/=. Spika nimenunua jozi tatu za aina moja kutoka kwa mtu aliyekuwa akifunga ukumbi wake mdogo wa video, 480,000/=. Tano za kazi, ya sita akiba. Nimesisitiza ziwe za aina moja kwa sababu sauti ikitoka spika ya mbele kwenda ya nyuma isibadilike rangi njiani. Sabufa, 300,000/=.

Kisha nikakosea mara mbili mfululizo.

La kwanza, waya. Nilinunua waya wa optiko, 20,000/=, kwa sababu ndio niliozoea kuuona nyuma ya televisheni. Nikaweka SACD. Kioo cha mashine kinaonyesha muda unakwenda, spika kimya kabisa. Nilichomoa na kuchomeka kila kitu mpaka saa sita za usiku. Kumbe sauti ya SACD haipiti kwenye optiko. Wenye SACD hawakuruhusu itoke humo bila ulinzi, na waya wenyewe hauna nafasi ya chaneli sita zisizobanwa. Kwa mashine yangu njia ni mbili tu: HDMI, au nyaya sita za kawaida za pini kutoka mashine hadi risiva yenye tundu sita za kupokelea.

La pili, HDMI nayo ilikataa. Siku ya pili nilipoichomeka, kimya kilekile. Jibu lilikuwa kwenye menyu ya Oppo. Ilikuwa inatoa DSD, yaani sauti ya SACD ikiwa mbichi, na risiva yangu haiijui lugha hiyo. Nikabadilisha itoe PCM, sauti ya kidijitali ya kawaida kama ile ya CD. Ghafla chumba kikajaa. Wapo wanaosema kugeuza DSD kuwa PCM ni dhambi. Mimi masikio yangu hayajaona tofauti, na chini kidogo nitaeleza kwa nini PCM iliokoa mradi mzima.

9 Machi 2024: Toleo lisilo lenyewe

Queen imefika! Ndivyo nilivyopiga kelele nyumbani. 55,000/=, kasha zuri, CD na DVD ndani. Nikaiweka, sauti ikatoka spika zote tano, nikafurahi siku mbili nzima.

Siku ya tatu nikatazama kioo cha risiva kwa utulivu. Kimeandika DTS. Nikageuza kasha: toleo la 2005, la kuadhimisha miaka 30. DVD yake ni ya video, yenye sauti ya DTS iliyobanwa. Sicho nilichokitafuta.

Mtego huu una ndugu yake, nao ni wa kuutambua mapema. Hata ukiwa na DVD-Audio halisi, ukiiweka kwenye deki ya kawaida ya DVD itacheza, kwa sababu diski hizo nyingi zina sehemu mbili: folda ya AUDIO_TS yenye sauti kamili, na VIDEO_TS yenye sauti iliyobanwa kwa ajili ya deki za kawaida. Deki yako haitakwambia kwamba imekupa makombo. Tazama kioo. DTS au Dolby Digital ikitokea, uko sehemu ya video. Ukiona PCM ya 96 kHz na chaneli zaidi ya mbili, umefika.

Ramadhani inaingia wiki hii. Nimeifunika mashine kwa kitambaa, diski zote kumi na moja nimezipanga kwenye zidaka za ukutani, zinapendeza. Tutaonana baada ya Idi.

14 Aprili 2024: Ukungu

Sikuzigusa diski kwa mwezi mzima, na mwezi huo masika ilinyesha kweli.

Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wake ni mnene, unapoza chumba vizuri, na unanyonya maji kama mkate. Kidaka kimekatwa ndani ya ukuta huohuo. Nilipotoa diski baada ya Idi, makasha ya karatasi ngumu yalikuwa na madoa ya kijani, vijitabu vimegandana kurasa, na diski sita zina utando mweupe usoni.

Nne zimepona. Nilizisafisha kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya maji, nikipangusa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha. Mkwaruzo unaokwenda sambamba na mzunguko wa diski ndio unaoifanya mashine ishindwe kusoma. Mbili hazikupona. Zote mbili ni DVD-Audio, na diski ya DVD ni sahani mbili za milimita 0.6 zilizogandishwa kwa gundi. Unyevu umeingia ukingoni, na ukiishika kwenye mwanga unaona kama povu limetambaa kuelekea ndani. Nyimbo za mwisho zinakatika, na nyimbo za mwisho ndizo zilizo karibu na ukingo.

Nilivyorekebisha: makasha ya karatasi nimeyatenga, kila diski nimeihamishia kwenye kasha la plastiki, na zote zinakaa ndani ya makontena ya plastiki ya kuhifadhia vyakula yenye mpira kwenye kifuniko, pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Vifuko hivyo navikausha kila baada ya wiki tatu. Makontena yapo kabatini, si ukutani. Yote 65,000/=.

Gharama ya diski mbili zilizokufa: 90,000/=. Moja nimekwisha kuipata tena. Nyingine sijaiona ikiuzwa.

22 Juni 2024: Chumba chembamba

Hili ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote, na anayekaa Mji Mkongwe, Lamu au Mji wa Kale Mombasa atanielewa haraka. Vyumba vya nyumba zetu za zamani ni virefu na vyembamba kwa sababu dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Chumba changu kina upana wa mita 2.8 na urefu wa karibu 8.

Mpangilio unaofuatwa na wachanganyaji wa sauti, ule wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, unataka spika zote tano ziwe kwenye duara moja na msikilizaji awe katikati. Ya kati iwe mbele yake, mbili za mbele nyuzi 30 kila upande, mbili za nyuma kati ya nyuzi 100 na 120. Nikikaa mita 2 kutoka spika za mbele, zile za nyuma zinatakiwa ziwe zimeachana karibu mita 3.8. Ukuta wangu unaniambia 2.8.

Jaribio la kwanza: niliweka kochi kwenye ukuta mrefu, spika za mbele ukuta wa pili. Kisogo kikawa kimegusa ukuta, spika za nyuma zikabidi zikae masikioni. Nilisikia nyuma tu. Mbele ilikuwa kama redio ya jirani.

Jaribio la pili: niligeuza kila kitu kifuate urefu wa chumba, kochi likaja katikati. Mke wangu hakulipenda, na ana haki, maana sasa mgeni akiingia hulizunguka kochi kama anatufu. Lakini sauti ilianza kupata umbo. Spika za mbele ziko mita 2, za nyuma mita 1.2 tu, kila moja karibu na ukuta wake kwa nyuzi kama 110.

Tatizo lililobaki ni kwamba za nyuma ziko karibu zaidi, hivyo sauti yake hufika mapema. Tofauti ya mita 0.8 ni kama milisekunde 2.3. Haionekani kuwa kitu, lakini sauti iliyokusudiwa ielee kando yako hukimbilia begani. Na hapa ndipo PCM ilipookoa mambo. Risiva inaweza kuchelewesha kila chaneli ukiiandikia umbali wa kila spika, na inaweza kuzichukua besi za spika ndogo kuzipeleka kwenye sabufa. Hayo huyafanya kwenye PCM. Risiva nyingi zinazopokea DSD mbichi huipitisha jinsi ilivyo, bila kuchelewesha wala kugawa besi. Kwa mwenye chumba cha mraba na spika kubwa tano, sawa. Kwa chumba cha boriti, chukua PCM usisite.

Nikaandika umbali, nikagawa besi kwenye 80 Hz, nikasawazisha nguvu kwa ile sauti ya majaribio ya risiva na programu ya kupimia kelele kwenye simu. Spika za nyuma zilikuwa na desibeli 4 za ziada, nikazishusha. Sabufa ilikuwa pembeni ikinguruma kwa noti moja tu. Niliisogeza hatua kwa hatua hadi theluthi ya ukuta mrefu, ikatulia.

Kuta za chokaa zinarudisha sauti kama msikiti mtupu. Kanga nilizozitundika hazikusaidia, ni nyepesi mno. Zilizosaidia ni zulia zito, mapazia mazito pande mbili na rafu ya vitabu nyuma ya kochi. 140,000/=.

Baada ya hapo niliketi na Head Hunters ya Herbie Hancock, ya 1973, SACD yenye mchanganyo wa chaneli nne. Wimbo wa Watermelon Man unaanza na Bill Summers akipuliza chupa ya bia kuiga hindewhu, upulizaji wa filimbi na sauti ya mdomo kwa kupokezana wa Wabenzele wa misitu ya Afrika ya Kati. Nilipousikia ukiwa umenizunguka nilinyamaza, nikaurudia mara nne.

17 Agosti 2024: Ghali, nzuri, na ya chaneli mbili

Nimelipa 140,000/= kwa SACD moja ya Kijapani, ile aina iitwayo SHM-SACD. Kila aliyeitaja aliisifu. Imefika, nimeiweka, spika mbili.

Kosa ni langu. SHM-SACD zilizoanza kutoka 2010 kwa kawaida zimetengenezwa kwa stereo tu, tena kwa tabaka moja, kwa hiyo hata kwenye redio ya gari haichezi. Sauti yake ni safi mno na siijutii sana, lakini haina nafasi kwenye mradi huu. Niliona neno SACD nikadhani limetosha.

Halitoshi. Albamu za Rolling Stones zilizotolewa upya na kampuni ya ABKCO mwaka 2002 ni SACD, na hakuna yenye chaneli zaidi ya mbili. Zile za Bob Dylan za 2003, zilizotoka kumi na tano kwa mpigo, baadhi zina chaneli 5.1 na nyingine hazina. Sasa sinunui bila kupata vitu vitatu kutoka kwa muuzaji: picha ya mgongo wa kasha nione "Multi-ch" au "5.1", picha ya uso wa diski, na picha ya maandishi madogo ya mduara wa ndani, upande unaong'aa, ambayo hutofautisha chapa moja na nyingine. Muuzaji asiyetaka kupiga picha tatu namwachia mali yake.

5 Oktoba 2024: Za bei nafuu ambazo watu wanazipita

Miezi hii miwili imekuwa mizuri. Adimu si lazima iwe ghali.

Philips walirekodi muziki mwingi wa okestra kwa chaneli nne katika miaka ya 1970, kisha hawakuuza kwa chaneli nne. Tepu zilikaa ghalani. PentaTone, iliyoanzishwa 2001 na watu waliotoka Philips, ilizitoa kwenye SACD kwa mfululizo wenye alama ya RQR. Nimepata tatu kwa 105,000/= zote. Huko Uingereza kampuni ya Dutton Vocalion wanazifufua albamu za kwadrafoniki za pop, jazi na soul, mara nyingine mbili kwenye diski moja. Zikiisha huwa zimeisha, kwa hiyo hizi nanunua zikiwa mpya, siku inapotoka.

Okestra kwa mchanganyo huu haikuweki katikati ya wapigaji. Wao wako mbele, na spika za nyuma hubeba ukumbi: mwangwi, urefu wa dari, pumzi ya watu. Mwanzo nilidhani spika za nyuma zimekufa. Zizime kidogo uone jinsi chumba kinavyonywea. Lakini kusema kweli moyo wangu uko kwenye ile aina ya pili, inayokuweka ndani. Nimekulia kando ya mazoezi ya taarab, nikikaa mkekani baina ya fidla na kanuni, dumbaki nyuma yangu. Kwangu muziki ulikuwa umenizunguka kabla sijajua neno stereo. Taarab iliyorekodiwa hivyo, okestra nzima na waitikiaji wake, ningeilipia bei yoyote.

Tahadhari ya DTS-CD. Inafanana na CD ya kawaida kabisa. Mpwa wangu aliiweka kwenye redio ya sebuleni, ikatoka kelele kama mvua ya mawe juu ya bati, kwa sauti kubwa, karibu auue spika. Kwenye redio ya kawaida data yake husomwa kama muziki. Inabidi ipelekwe kwenye risiva ikiwa ya kidijitali, na hapa ule waya wa optiko wa Machi umepata kazi hatimaye. Nimezibandika karatasi nyekundu.

21 Desemba 2024: Ya 2002

Mtu mmoja Uholanzi aliiorodhesha kama "DVD ya Queen", bila maelezo zaidi, picha moja yenye kiza. Nembo ya DVD-Audio ilionekana nusu tu kwenye kona. Nikaomba picha zangu tatu. Zikaja siku ileile, na mgongo wa kasha ukasema kila nilichotaka kusoma. 95,000/=, chini ya nusu ya bei nilizokuwa nikiziona mwaka mzima. Ikatumwa kwa dada London, dada akaja nayo likizo ya mwisho wa mwaka, ndani ya soksi ya sufu katikati ya sanduku.

Jana usiku umeme ulipotulia niliiweka. Kioo: PCM, 96 kHz, chaneli sita.

Nilianza na The Prophet's Song kwa sababu ya ile sehemu ya katikati ambapo vyombo vinanyamaza na Freddie anabaki peke yake, sauti yake ikirudi kwa kucheleweshwa hadi anaimba na nafsi zake tatu. Kwa spika mbili nimeisikia tangu ujana. Jana sauti iliyofuata ilinijibu kutoka nyuma ya bega la kushoto, nikageuka. Nimekaa na mashine hii miezi tisa, najua spika iko pale, na bado niligeuka.

Kisha Bohemian Rhapsody. Sehemu ile ya opera waliijenga kwa sauti za watu watatu tu, Mercury, Brian May na Roger Taylor, wakirudia na kurudia juu ya tepu ya traki 24 mpaka ikawa kwaya. Kwa spika mbili ile kwaya ni ukuta mmoja. Kwa tano ukuta unafunguka, na unaweza kutembea kati ya mstari na mstari, ukamsikia huyu wa juu kabisa, kisha kundi la chini, kila mmoja na mahali pake. Mke wangu alikuja akakaa kwenye lile kochi asilolipenda. Hakusema neno hadi gongo la mwisho. Akasema, "Irudie."

Asubuhi bibi jirani wa chini aliniuliza jana tulikuwa na wageni wangapi wanaoimba vile. Nimemwalika Jumapili.

15 Februari 2025: Hesabu na kilichobaki

Mashine zote mbili, risiva, spika, sabufa, stabilaiza, mazulia na mapazia, makontena, na nyaya za jumla ya 115,000/=: 3,080,000/=. Diski 31 hadi leo: 2,170,000/=, wastani wa 70,000/= kwa diski. Jumla 5,250,000/=. Ndani yake 565,000/= zimekwenda kwa makosa niliyoyataja: mashine iliyoungua, waya wa optiko, toleo la 2005, SHM-SACD na diski mbili za ukungu. Anayesoma haya hana sababu ya kuzilipa tena.

Ninachokisaka sasa ni viwili. The Game ya Queen, DVD-Audio ya 2003, nimeiona mara moja na kushindwa kwenye mnada dakika ya mwisho. Na Lotus ya Santana, iliyorekodiwa Osaka Julai 1973, ambayo Sony ya Japani iliitoa 2017 kwenye SACD ikiwa na mchanganyo wa chaneli nne. Hiyo bado bei yake inanipita, nitaingoja.

Kuna ukarabati pia. Sponji ya ukingo wa spika ya nyuma kulia imeoza kwa hewa ya chumvi, ikaanza kukwaruza kwenye noti za chini. Nimeweka ile ya sita ya akiba, na iliyooza iko Darajani kwa mzee wangu. Amesema akipata ngozi laini ya mbuzi ataishonea ukingo mpya, maana sponji hapa kwetu haimalizi miaka mitatu. Nitaandika ikirudi, na bei yake.